Daftari la Mfalme Kutu

Juzi niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi pale Kihonda kununua bawaba za mlango wa jiko. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelowesha robota la kamba za mkonge lililosahauliwa kibarazani, na muuzaji alikuwa amelivuta ndani likauke karibu na kaunta. Kabla sijafungua mdomo, harufu ikanifika. Siwezi kuieleza vizuri kwa mtu asiyeijua: ina uchachu wa majani yaliyooza, ina vumbi la gunia, na mwishoni kabisa ina kitu cha kufanana na sabuni ya mche. Kijana wa dukani aliniuliza mara tatu, "Nikupe nini, dada?" Nikatoka bila bawaba.

Wenzangu wakinusa vitumbua hukumbuka jiko la bibi zao. Mimi harufu yangu ndiyo hiyo, na inanirudisha kwenye jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka mwezi uliopita sikuwahi kumwambia mtu. Nawaambia ninyi sasa kwa sababu nimeshamwambia Mama, na ukishamwambia mama yangu, wengine wote hawatishi.

Tulikaa kwenye kambi ya shamba la mkonge, ndani kidogo ya barabara kuu, upande wa kwenda Mikese. Jina la shamba sitalitaja, maana watu wake bado wapo wachache. Shamba lenyewe lilikufa kabla sijazaliwa. Kiwanda kilibaki kuta na nguzo. Mabati yaliondoka kwanza, kisha mitambo, kisha vile vireli vyembamba vilivyopitisha vigari vya kubebea majani, vyote vikaenda na wanunuzi wa chuma chakavu. Nyumba za kambi ndizo zilizobaki na watu ndani yake, safu nne za vyumba vya matofali, kila mlango na namba yake ya rangi nyeupe. Sisi tulikuwa namba kumi na saba: mimi, Mama, na Babu aliyemzaa Mama. Ukikaa mlangoni uliiona milima ya Uluguru yote, na mawingu yake, na mvua ikinyesha huko juu kwenye migomba ya watu.

Babu aliletwa akiwa kijana kutoka Kasulu, enzi za manamba, vijana waliokusanywa mikoa ya mbali kuja kukata mkonge. Baadaye akapandishwa kuwa mlishaji wa mashine. Kazi yake ilikuwa kuyasukuma majani yaingie kwenye mashine ya kuparua, na siku moja mashine ikabaki na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto. Alipenda kutuambia kwamba katika mwili wake wote, hivyo viwili ndivyo vilivyowahi kustaafu. Kwao hakurudi tena. Huku nako, Waluguru wana ardhi zao za ukoo, na sisi hatukuwa na ukoo wa kutugawia hata tuta la mchicha.

Wazee wengine wa kambi walikuwa hivyo hivyo. Walibaki kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, lakini wenyewe walisema wanabaki kwa sababu shamba litafunguliwa. Kila baada ya miaka michache gari lilikuja, wakashuka watu wenye madaftari, wakaandika jina la kila mzee na kazi aliyokuwa akiifanya, wakapiga picha kuta, wakaondoka. Siku za namna hiyo wazee walivaa mashati ya Idi. Wiki zikipita, mashati yakarudi sandukuni, na hakuna aliyelizungumza.

Sasa, mchezo. Mchezo aliuleta Idrisa, mtoto wa Mama mkubwa Zaituni, dada yake Mama aliyeolewa Dakawa. Idrisa alisoma bweni Dar es Salaam na likizo ile ya Juni aliletwa kwetu. Huko bwenini walikuwa na mchezo usiohitaji mpira wala simu. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wenzake wako wapi na wanaona nini. Wengine kila mmoja ni mtu wa ajabu aliyemchagua mwenyewe, na anasema anafanya nini. Dadu ndiyo inaamua kama umefaulu. Dadu yetu ilikuwa ya ludo, panya alishatafuna pembe yake moja, kwa hiyo ilipenda sana kuangukia tano.

Idrisa alianza kuwa msimulizi yeye, na ndani ya robo saa zimwi lake lilikuwa limeshamuua rafiki yangu Tatu, wa namba ishirini, mara tatu. Tatu alikuwa Malkia wa Nyoka na hakuona sababu ya malkia kufa kila mara kabla ya chai. Akagoma. Basi mimi nikachukua usimulizi, na Idrisa akawa shujaa mwenye upanga wa radi, na kelele zake.

Mimi sikutaka mazimwi ya kuua watu. Niliwapa shamba. Niliwaambia wamefika katika nchi iliyolaaniwa na Mfalme Kutu, aliyekula chuma chote na kuwageuza watu kuwa vivuli, na kwamba mfalme wa zamani amewaachia wao magofu haya, wakiweza kuyafufua ni yao. Magofu hayakuwa mbali. Tulicheza ndani ya kiwanda chenyewe, tukiwa tumekaa juu ya zege pale ilipokuwa mashine ya Babu, na magugu ya masika yametuzidi kimo. Siku ya kwanza walifufua paa. Siku ya pili walifufua tangi la maji, na Tatu akaweka chatu ndani yake awe mlinzi. Mniamini, nilikuwa nayaona mabati yanarudi. Nilikuwa mtoto wa kuvaa ndala zisizolingana, na nilikuwa ninagawa viwanda.

Kisha nikatunga sheria. Nilisema dadu peke yake haitoshi. Huwezi kufufua chumba mpaka ujue nani alikuwa akifanya kazi mle na alifanyaje, na jina lake liandikwe daftarini, kwa sababu Mfalme Kutu anaogopa majina. Kila jina linamng'oa kipande. Niliona ni sheria tamu sana. Ilinijia nikiwa nachota maji, na nusura nidondoshe ndoo.

Kwa hiyo tukaanza kupita mlango kwa mlango. Mimi nilishika daftari la shule lenye jalada la bluu, Idrisa alishika kalamu ya akiba, na Tatu alisalimia, maana ndiye aliyejua kusalimia vizuri. "Shikamoo, Bi Somoe. Tunaandika majina ya wafanyakazi." Bi Somoe alifanya kazi chumba cha brashi, ambako singa, zile nyuzi za mkonge, zilisuguliwa zikishakauka mpaka zikang'aa. Kikohozi chake kilitoka humo, alikuwa nacho kila siku. Aliacha kupepeta, akajifuta mikono, akakaa sawasawa kitini.

"Marahaba. Andika Somoe binti Hamisi. Brashi, zamu ya kwanza. Umeandika zamu?"

"Nimeandika."

"Nionyeshe."

Hakujua kusoma, lakini alitazama mstari wangu mpaka akaridhika. Ilikuwa hivyo kila mlango. Walituambia mambo ambayo hatukuwauliza: nani alichelewa, nani alipewa mabuti mapya, meneja yupi alikuwa na mbwa. Hakuna aliyetuuliza majina ni ya nini. Nilidhani ni kwa sababu wanatupenda. Mtoto hawazi kwamba mtu akishazoea kuandikwa na wageni wenye madaftari, hata daftari lenye hesabu za darasa la sita nyuma yake linaweza kutosha.

Babu alikuwa wa mwisho. "Ramadhani Ntahondi," alisema, "mlishaji wa mashine," na akatazama mlima wakati naandika.

Katika siku hizo hizo kulikuwa na jambo jingine kubwa nyumbani, na hili nalo nililijua, msije mkanitetea. Mama mkubwa Zaituni alikuwa amemhangaikia Babu mpaka jina lake likaingia kwenye kikundi cha wakulima kule Dakawa. Angepata kipande cha jaruba cha kulima mpunga wa kumwagilia. Mama alikuwa amepanga kila kitu: tungehama sote watatu, mimi ningehamishiwa shule ya kule, yeye angelima na Babu angefukuza ndege. Kwa mara ya kwanza Mama aliimba akifua. Sharti lilikuwa moja. Siku ya kugawa, mwenye jina awepo mwenyewe saa nne kamili. Akiitwa asipoitika, kipande anapewa anayefuata. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Na mchezo wetu nao ulikuwa uishe Jumamosi, kwa sababu Jumapili Idrisa alikuwa anarudi Dar. Tulikuwa tumeshafufua vyumba vyote ila cha meneja, ambacho tulikipangia Ijumaa. Baada ya hicho ilibaki kengele tu. Kila mzee alituambia habari za kengele: kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya shamba, kikigongwa alfajiri watu wanaamka, kikigongwa mara ya pili watu wako mstarini kuitwa majina. Bila kengele shamba halijafufuka. Idrisa alitaka tugonge sufuria. Tatu akasema shamba la sufuria yeye hana haja nalo.

Nikaenda kumuuliza Babu ile reli ilikwenda wapi. Alikuwa anashona kiatu. Aliingia ndani akapiga magoti, akaanza kuvuta kitu chini ya kitanda chake, nacho kikakwaruza sakafu mpaka meno yakaniuma. Ilikuwa ile reli, imefungwa kwenye fulana mbili za zamani. Siku wanunuzi wa chuma walipokuja aliichukua kabla yao, na alilala juu yake miaka yote ile, na Mama alikuwa akifagia kuizunguka akidhani ni nguzo ya akiba.

"Mnagonga lini?" aliuliza.

"Jumamosi, Babu. Asubuhi."

Alizikunja zile fulana mbili, akaziweka kitandani. Kisha akanionyesha jinsi ya kuigonga: mapigo matatu ya taratibu, pumzika, halafu mfululizo. "Ukiwahisha mfululizo," alisema, "watu watadhani moto."

Ningeweza kusema tutagonga Ijumaa. Neno hilo moja tu. Nilikuwa najua habari za Dakawa, na nilikuwa najua bodaboda anakuja saa moja asubuhi kumpeleka Babu Msamvu kupanda basi. Lakini Ijumaa tulikuwa bado na chumba cha meneja, na mimi nilitaka mwisho uwe mwisho hasa.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mbele ya ofisi. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani na umande ulitulowesha mpaka magotini. Tulikuwa tumeifunga reli kwenye chuma cha dirisha kwa kamba ya mkonge, na kamba ililowa, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia isitoke tena. Nikagonga kama nilivyofundishwa. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Ilikwenda mpaka barabarani ikarudi.

Mlango wa Bi Somoe ulifunguka wa kwanza. Alikuja na kitambaa kichwani, kile cha kazi, kilichofifia rangi yote. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alikuwa na mabuti yaliyopasuka, ameyafunga kwa ugwe. Wawili walikuwa na visu vya kukatia mkonge, vimenolewa. Hawakuwa wamevaa mashati ya Idi safari hii, walikuwa wamevaa nguo za kazini. Hakuna aliyewaambia wapange mstari, walipanga wenyewe, kila mtu alijua yuko nyuma ya nani. Kulikuwa na mapengo katikati, na baadaye nilielewa kwamba walikuwa wamewaachia nafasi waliokufa. Babu alikuwa wa nne.

Idrisa alinong'ona, "Rehema, waambie."

Sikuwaambia. Kitu pekee mkononi mwangu kilikuwa daftari. Nikalifungua nikaanza kusoma.

"Somoe binti Hamisi, brashi."

"Nipo!"

Niliwasoma wote kumi na mmoja. Kila mmoja aliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeitika mbele ya wenzake. Nilipofika kwa Babu, aliinua ule mkono wenye vidole vitatu. "Nipo!" Nikampigia tiki.

Kisha majina yakaisha, na wao wakaendelea kusimama wakinitazama. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu akishaitwa anapewa kazi. Upande wa kulia wa daftari nilikuwa nimechora safu nzuri kabisa kwa rula, nimeandika juu yake "kazi ya leo", na sikuwa nimewaza hata siku moja nitaandika nini humo. Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Nilisikia bodaboda anapiga honi kule namba kumi na saba.

Babu ndiye aliyetoka mstarini. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaingia kiwandani, akainama pale ilipokuwa mashine yake, akaanza kung'oa magugu. Wengine wakamfuata. Bi Somoe aling'oa akikohoa. Sisi watoto watatu tulibaki nje, na mashujaa wangu wakarudi kuwa Idrisa na Tatu tu.

Mama alikuja akikimbia na khanga mkononi. Honi ilikuwa imeshanyamaza.

"Baba, pikipiki imeondoka! Watakuita nani akuitikie?"

"Niko kazini," alisema Babu, mgongo ameupinda.

Mama alikaa chini pale pale kwenye umande. Hakupiga kelele. Nilimwona anamtazama baba yake kama mtu anayetazama ndoo ikizama kisimani.

Walifanya kazi mpaka jua la saa sita. Sakafu yote ikaonekana, zege la kijivu na matundu ya boliti za mashine. Halafu hapakuwa na la kufanya, wakakaa kivulini mwa ukuta, wakanywa maji, na mmoja mmoja wakarudi vyumbani. Hakuna aliyenigombeza. Nilingoja kuchapwa siku nzima, na kiboko hakikuja.

Kipande cha Dakawa alipewa anayefuata. Mama mkubwa hakumtafutia tena, alisema aibu aliyoipata siku ile inatosha. Mama aliacha kuimba akifua. Vuli zilipokuja magugu yalirudi kiwandani, marefu zaidi kwa kuwa udongo ulikuwa umechimbuliwa. Babu alifariki mwaka uliofuata, namba kumi na saba, chini ya bati linalovuja, na mimi na Mama tukakihama chumba, maana aliyetuweka kambini alikuwa yeye. Bi Somoe alikuwa amemtangulia. Reli waliichukua watu wa chuma chakavu wiki ileile ya msiba, na nilikuwepo, nikawaona wakiipakia, nisiseme kitu.

Miaka yote hiyo nilibeba jambo moja: kwamba nilimdanganya mzee. Kwamba mchezo wangu ulimfanya aamini shamba limefunguliwa, na kwa imani hiyo akaiacha Dakawa. Nililia kwa ajili hiyo nikiwa bwenini, nikalia nikiwa chuo, na nikawa mtu mzima anayekimbia duka kwa sababu ya kamba mbichi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Mama, uliotoka kwa Mama mkubwa. Sijui nilianzaje. Nilimweleza vyote, Mfalme Kutu na daftari na Ijumaa niliyokataa kuisema. Mama hakuinua uso kwenye ungo.

"Mimi nilimwambia," alisema. "Ulipogonga tu nilimwambia, baba, hiyo kengele ni ya Rehema na Idrisa, wanacheza. Akaniambia anajua, reli kawapa yeye."

"Akasema nini tena?"

"Akaniuliza shati lake la kazi liko wapi."

Akatoa chuya moja, akaitupa, akaendelea.

Basi hakudanganyika. Alijua hakuna meneja, hakuna mashine, hakuna mshahara. Alijua pikipiki iko njiani, na kwamba Dakawa kuna maji na udongo wa kweli, na mjukuu anayehitaji kula. Akavitazama vyote viwili, akaenda kusimama wa nne kwenye mstari ili mtoto amsomee jina lake. Sijui hata nimlaumu au nimwonee huruma, na mara nyingine nafanya yote mawili kabla sijalala. Nilikuwa nikidhani kosa langu ni kumpa tumaini la uongo. Hakuwa na tumaini la kupewa wala la kunyang'anywa. Natamani, Mungu anisamehe, angekuwa amedanganyika.

Daftari bado ninalo. Wino umekuwa wa kahawia, lakini majina yanasomeka yote kumi na moja, na tiki zake. Safu ya kazi ya leo iko tupu mpaka chini.